Tundu la Upande wa Kaiyaba

Mutuini, Nairobi
14 Januari 1973

Shangazi yangu Peres,

Salamu kwako na kwa wote wa boma letu hapo Butula, pamoja na yule jogoo wako anayechagua watu wa kufukuza. Mimi na Annah tu wazima. Chumba chetu kilikuwa kinavuja, lakini mwenye nyumba amebadilisha mabati, kwa hiyo sasa tunalala bila sufuria kitandani. Annah anasema nikuambie kwamba zile njugu ulizotutumia ziliisha siku ileile zilipofika, na kwamba hakuna haja ya kuuliza ni nani aliyezimaliza.

Sasa habari kubwa. Tajiri wangu Harbans Singh, yule wa karakana iliyo nyuma ya River Road, anahamia Uingereza kwa mwanawe mwisho wa mwaka huu. Karakana ataniachia mimi niiendeshe. Lakini amesema wazi: lazima kwanza nipate leseni ya fundi kwa jina langu mwenyewe, na leseni haitoki mpaka nifanye kazi moja peke yangu, toka mwanzo hadi mwisho, ipite mbele ya mkaguzi. Nikishindwa, atamuuzia mtu mwingine, nami nifunge virago nirudi nyumbani.

Kazi yenyewe amekwisha nipa. Iko Lavington, nyumbani kwa Bwana Shantilal, mwenye duka la vitambaa. Mama yake mzee ana ugonjwa wa kifua, vumbi na maua humbana pumzi. Daktari ameamuru madirisha ya chumba chake yafungwe kabisa na awekewe mashine ya kupoza hewa. Usicheke! Najua utasema Nairobi ina baridi ya kutosha, mtu ananunua baridi nyingine ya nini. Hata mimi nilisema hivyo siku ya kwanza kazini.

Na usidhani mtu hutoboa ukuta hivihivi tu. Unachora ramani, unaonyesha tundu litakaa wapi, unaipeleka City Hall igongwe muhuri. Mashine iwe na waya wake na fyuzi yake. Maji yake yasidondokee kwa jirani. Na jirani wa upande ule inakopulizia akubali kwamba mngurumo haumnyimi usingizi. Kibali chenyewe kinakufa mwisho wa Juni. Ukichelewa, unaziba ukuta unaanza upya, na mimi muda wa kuanza upya sina.

Ramani imepita. Tundu litakuwa upande wa ua wa miiba ya kaiyaba, ule unaopakana na kwa Bwana Jamleck, mtu wa serikali. Niombee.

Kabla sijasahau, mama yake Annah siku hizi yuko nyumbani? Nauliza tu, kwa ajili ya salamu.

Mwanao,
Zadock Were


Butula
6 Februari 1973

Zadock mwana wa ndugu yangu,

Barua yako ililala posta mpaka mchungaji alipoiona akaniletea. Jogoo akamfukuza mpaka barabarani, ikabidi nimfuate nichukue barua na kumwomba radhi. Sisi wazima. Mahindi tumekwisha pukuchua. Mgongo wangu unauma asubuhi na kupona jioni, kama mtu anayekwepa shamba.

Nimefurahi, mwanangu. Baba yako angekuwa hai angezunguka kijiji kizima akijigamba kwamba mwanawe anauzia watu baridi. Mimi nimezunguka kwa niaba yake, na waliokuwa wamelala niliwaamsha.

Sasa, hilo swali lako la salamu. Tangu umwoe Annah hujamuulizia mama mkwe wako hata siku moja, na ndivyo heshima inavyotaka. Leo salamu zimetoka wapi? Haya, sikia. Nanjala yuko hukohuko Nairobi. Aliondoka baada ya mavuno, analea watoto wa familia moja ya Lavington. Annah alikatazwa na mama yake asikwambie. Nyinyi mna chumba kimoja, na unajua vizuri kwamba kwetu mkwe haingii mahali anapolala mkwewe, wala hawatazamani usoni, mpaka shangazi wa bwana harusi aende na blanketi na kuku, awatoe haya. Kwa hiyo Nanjala aliona heri usijue yuko karibu.

Najua utaniuliza hayo ya blanketi na kuku yatafanyika lini. Usiniulize. Kila jambo na wakati wake.

Na wewe kwa nini umemuulizia? Mimi sisemi kitu.

Shangazi yako,
Peres


Mutuini
29 Machi 1973

Shangazi,

Nisamehe kwa kunyamaza. Tu wazima. Mvua imeanza na matope ya Mutuini unayajua kwa kusikia tu. Viatu navibeba mkononi mpaka nifike kwenye lami ndipo navaa.

Kazi imesimama kidogo. Mkaguzi, anaitwa Bwana Gerishon, alikuja akaamuru tundu lizibwe. Ni mambo ya ukuta tu. Ukuta haukuwa mzuri. Harbans amekasirika, lakini hasira zake huisha akipata chai. Mama mzee wa Shantilal bado anakohoa.

Usiwe na wasiwasi. Sina mengi.

Zadock


Butula
15 Aprili 1973

Zadock,

Salamu zote, na habari za watu wa hapa nitakueleza siku nyingine kwa sababu leo nina hasira.

"Ukuta haukuwa mzuri." Baada ya kusoma maneno hayo nilitoka nje nikautazama ukuta wa nyumba yangu, nione ukuta hukosa adabu namna gani. Haukuniambia kitu. Mimi nimefundisha watoto shule ya Jumapili tangu baba yako akiwa kijana, na mtoto aliyekula sadaka namjua kwa jinsi anavyoimba. Wewe unaimba hivyo sasa.

Uliniuliza juu ya Nanjala. Nikakujibu kwamba yuko Lavington. Tangu hapo kimya, halafu ukuta. Nyuma ya hiyo kaiyaba kuna nani? Niandikie ukweli wote kabla sijamuuliza Annah, maana nikimuuliza Annah nitaambiwa hata usiyotaka nijue.

Nakupenda, na ndiyo maana nakugombeza.

Peres


Mutuini
2 Mei 1973

Shangazi yangu,

Annah anakusalimu, mwenye nyumba anakusalimu, mimi nimepiga magoti.

Siku ya kwanza kabisa nilipopanda ngazi kupima ukuta wa Shantilal, nilitupa macho ng'ambo ya kaiyaba. Uani kwa Bwana Jamleck kuna chumba cha mfanyakazi, dirisha lake linatazamana na ukuta wangu. Mwanamke alikuwa anaanika shuka. Akainua kichwa. Shangazi, tulitazamana macho kwa macho! Aliangusha shuka kwenye matope, akajifunika kitambaa usoni, akakimbilia ndani. Mimi nilishuka ngazi sijui kwa miguu au kwa mgongo. Ndiyo maana nilikuuliza. Nilikuwa naomba useme yuko Butula, ili nijue macho yangu yamenidanganya.

Halafu Bwana Jamleck akasema, "Mimi silali upande huo, analala yaya wangu. Yeye akisema kelele haimsumbui, nitakubali." Bado hilo si kitu. Bwana Gerishon ana utaratibu wake: siku ya kukagua, fundi mwenyewe lazima asimame ndani ya chumba kilicho karibu zaidi, pamoja na mwenye chumba, mashine ikiwa imewashwa, wasikilize wote. Anasema fundi akisikia kwa masikio yake hatabisha.

Mimi niingie anapolala mama yake Annah? Nisimame kando ya kitanda chake? Afadhali nirudi kwenye jembe.

Basi nikajifanya mjanja. Nikatoboa ukuta wa upande wa pili, unaoelekea veranda. Nikajiambia tundu ni tundu, baridi ni baridi. Kumbe kwenye veranda hiyo mke wa Shantilal huwasha taa yake ya ibada kila asubuhi. Nilipojaribu mashine, ule upepo wa moto unaotoka nyuma ukaizima taa. Akaiwasha. Ikazimwa tena. Hakunitukana. Alinitazama tu, nami nikatamani angenitukana.

Kisha Bwana Gerishon akaja na ramani mkononi. Akatazama ramani, akatazama ukuta, akazunguka nyumba yote, akarudi. "Fundi," akasema, "ramani inasema tundu liko mashariki. Mimi naliona magharibi. Nyumba imegeuka?" Ndipo nikasema ukuta wa mashariki haukuwa mzuri. Akaenda akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akasema hayo ni mawe ya kuchonga, yangebeba kanisa pamoja na waumini. Ameniamuru nizibe, nitoboe palipochorwa, na akikuta kosa la pili jina langu halitafika kwenye leseni mwaka huu.

Harbans naye ananiuliza kila siku, "Zadock, wewe iko mgonjwa? Mimi nimefundisha wewe mpaka ndevu yangu imekuwa nyeupe, leo unasahau kusoma ramani?" Nimwelezeje? Nashika spana nageukia kazi. Na mama yake Annah kila akiona ngazi yangu anatoroka, anajificha kwenye migomba ya jirani, watoto wa watu wanabaki peke yao wakilia. Bwana Jamleck amekwisha mwonya.

Juni inakuja. Naogopa, Shangazi. Nasema waziwazi kwamba naogopa.

Zadock


Butula
11 Mei 1973

Zadock,

Nakuja. Napanda basi la Kisumu siku ya soko, halafu treni. Usitoboe ukuta wowote kabla sijafika.

Mwambie Annah atafute blanketi jipya, zito, lisiwe lile la mistari la hospitali. Kuku ninakuja naye mwenyewe.

Na mtu yeyote huko akiniuliza kwa nini sikuja na blanketi na kuku tangu harusi, nitapanda treni ileile nirudi, na kuku wangu kwapani.

Peres


Mutuini
28 Juni 1973

Shangazi yangu mpendwa, uliye zaidi ya mama,

Keti kwanza ndipo usome. Umeketi? Tu wazima, wazima kabisa, na Annah hapa anaimba tangu asubuhi mpaka mwenye nyumba amegonga ukuta.

Tangu siku ile uliyotusimamisha uani kwa Bwana Jamleck, ukamfunika mama yake Annah blanketi mabegani, ukaamuru tushikane mikono, ukanikanyaga mguu niliposita, nimekuwa mtu mwingine. Kuku tulimla, yeye amegeukia huku, mimi nimegeukia kule, lakini tulimla. Baadaye mama yake alimwambia Annah habari za siku ya harusi, kwamba wewe ulipakuliwa shingo ya kuku badala ya paja. Anaapa jikoni kulikuwa na giza. Mimi simuulizi mtu chochote. Naeleza tu nilivyosikia.

Ulipoondoka niliishika kazi. Nilitoboa upande wa kaiyaba, palepale ilipochora ramani. Chini ya mashine nikaweka mipira minene ipunguze mngurumo. Maji nikayapeleka kwa bomba kwenye maua ya Shantilal mwenyewe. Harbans alikuja, akainama, akachungulia, akaguna, akaomba chai. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa, wengine hawajawahi kugunewa.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Bwana Gerishon alipima tundu, akavuta waya, akaonja maji ya bomba kwa kidole sijui anatafuta nini. Halafu akasema, "Twende kwa jirani." Tukazunguka kaiyaba. Mlangoni pa chumba nikavua viatu. Akaniuliza, "Fundi, tunaingia msikitini?" Nikavipanga kando ya mlango. Nikaingia, Shangazi. Niliingia na mguu wangu mwenyewe, nikasimama karibu na ukuta. Mama yake Annah alisimama kwenye kona, macho chini. Blanketi lako lilikuwa limekunjwa vizuri kitandani.

Wakawasha mashine ng'ambo. Tukasikiliza. Ilikuwa kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya tatu kutoka kwako, unasikia lakini huna haja ya kuamka. Bwana Gerishon akauliza, "Mama, kelele hii inakunyima usingizi?"

Kimya. Mikono tulishikana, ndiyo, lakini tangu siku ile alikuwa hajatamka neno hata moja mbele yangu. Nikamwona anakaza kitambaa. Mkaguzi akauliza tena. Kimya. Nikaiona leseni yangu inatoka mlangoni. Nikaona karakana imeuzwa, nami niko ndani ya basi la kurudi Butula na godoro kwenye keria.

Ndipo akainua uso. "Mashine ya mwanangu Zadock hainisumbui."

Shangazi, alinitaja jina! Mama yake Annah, mimi, jina langu!

Lakini Bwana Gerishon akashusha kalamu. "Mwanao?"

"Mkwe wangu. Amemwoa binti yangu."

"Basi hapo pana shida," akasema. "Nitachukuaje neno la mtu wa nyumbani kwa fundi? Si atamtetea?"

Nikajua nimekwisha. Nilichokuwa nakikimbia tangu Januari nimekishinda, na sasa hichohicho kinaniangusha. Nikafungua mdomo nimwombe aniruhusu nitafute jirani mwingine, lakini sikuwahi.

"Nimtetee?" Mama yake Annah alitoka kwenye kona. Sijui sauti ile alikuwa ameiweka wapi siku zote. "Wewe bwana, huna mama mkwe? Huyu amemchukua kifungua mimba wangu akamweka kwenye chumba kinachovuja. Amenitimua kwenye kamba ya nguo mpaka nikajificha kwenye migomba kama mwizi. Nusura kazi yangu iishe kwa ajili yake. Kosa lake moja ningelijua, ungelisikia kabla hujafika getini. Nimeitegea sikio mashine hii tangu walipoanza kuijaribu, nikilitafuta hilo kosa. Halipo. Nalala fofofo!"

Bwana Gerishon alimtazama, akanitazama mimi na miguu yangu mitupu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mama mkwe ametafuta kosa na hakulipata," akasema, "mimi ni nani wa kulipata?" Akaweka karatasi kwenye kizingiti cha dirisha, akagonga muhuri. Amesema jina langu analipeleka leo hii.

Nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo nikalia, sikujali nani ananiona. Harbans akaniletea chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Alipoambiwa sababu ya tundu la magharibi alipiga paji la uso. "Kwa nini hukusema? Kwetu pia iko mama mkwe!"

Mama mzee wa Shantilal sasa analala madirisha yamefungwa. Leo asubuhi mke wa Shantilal aliniita kwenye veranda, taa yake inawaka, akanipa sahani ya vitu vitamu nimpelekee Annah. Vimefika nusu.

Asante. Asante. Sijui niandike nini kingine.

Mwanao,
Zadock


Butula
19 Julai 1973

Zadock, fundi mwenye jina lake,

Niliketi kama ulivyoamuru, na ilikuwa vizuri, kwa sababu mahali uliposema umejua umekwisha nilisimama nikaikanyaga kahawa niliyoanika. Nilipofika kwenye muhuri nilipiga vigelegele peke yangu. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna bibi harusi. Nikawasomea barua yote, na pale Nanjala anaposema hukumpa amani hata kwenye kamba ya nguo, wanawake walilazimika kushikana kwa kicheko. Mpe salamu zangu. Ni mwanamke wa kweli. Hiyo habari ya shingo mimi siijui. Labda ni kuku mwingine.

Watu wa hapa wazima. Mvua ni nzuri. Mgongo wangu ndio umenisumbua miezi hii, na sasa nitakueleza sababu, kwa kuwa hakuna tena ubaya kuijua.

Ulipoandika kwamba ukuta haukuwa mzuri, nilienda kwa wazee wa ukoo nikawaomba wasimkodishe mtu lile shamba la baba yako la kando ya kijito. Nikalilima mimi mwenyewe, asubuhi kabla watu hawajapita, nisije nikaulizwa. Nikang'oa visiki. Nikanunua jembe jipya nikalificha nyuma ya mlango wangu. Nilijiambia: Zadock akirudi ameshindwa, asikute magugu. Akute mahali pa kuanzia, asione haya mbele ya wenzake. Siku niliyopanda treni kuja kwenu, lilikuwa tayari kwa mbegu. Nilikula kwenye meza yenu nikikutazama mikono, na sikukwambia.

Leo asubuhi nimemwita Nakhumicha, yule mjane wa ng'ambo ya njia mwenye watoto wengi, nikampa jembe lile na shamba lile alime mpaka achoke mwenyewe. Alipopiga jembe la kwanza nilikaa kwenye majani nikacheka mpaka akaniuliza kama ni homa.

Kwa hiyo ukija Krismasi, njoo na Annah, njoo na Nanjala, mle, mlale mpendavyo. Lakini usiulize pa kulima. Huku huna shamba tena, mwanangu, na Mungu ashukuriwe.

Shangazi yako,
Peres